Mbwa Mzee Asiyesikia na Nyumba Inayompokea

Uziwi wa mbwa huja kwa njia mbili kuu. Kuna mbwa wanaozaliwa nao, na kuna wale ambao masikio yao huzima polepole kadiri miaka inavyokwenda. Uziwi wa kuzaliwa unahusiana sana na weupe wa manyoya. Ndani ya koklea, kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja kama nyumba ya konokono, kuna seli zenye rangi ambazo huzisaidia seli za kupokea sauti kubaki hai. Mbwa mwenye jeni za weupe mwingi anaweza kukosa seli hizo za rangi, na ikifika wiki ya tatu au ya nne tangu azaliwe, seli za kupokea sauti hufa na hazioti tena. Dalmatian, yule mbwa mweupe mwenye madoa meusi, ndiye anayejulikana zaidi kwa tatizo hili: nchini Marekani, ambako maelfu yao wamepimwa, karibu watatu kati ya kumi hawasikii kwa sikio moja au kwa yote mawili.

Njia ya pili ni uzee. Mbwa kijana husikia sauti za kuanzia hertzi 67 hivi hadi hertzi 45,000, wakati sikio la binadamu huishia karibu hertzi 20,000. Theluthi ya mwisho ya maisha ya mbwa inapoingia, uwezo huo huanza kumomonyoka, na sauti nyembamba na za katikati ndizo hutangulia kupotea. Filimbi na mlio wa funguo huondoka mapema. Sauti nzito ya mwanamume au geti la chuma linalogongwa huendelea kusikika kwa muda. Kwa hiyo mbwa mzee anaweza kuitika sauti ya baba mwenye nyumba na kuonekana kama anawadharau watoto wanaomwita, kumbe hamdharau mtu.

Zipo pia sababu nyingine. Tundu la sikio la mbwa halikunyooka. Linashuka kisha linapinda kama herufi L, na pale kwenye kona ndipo nta, uchafu na maji hukwama. Sikio linalotoa usaha kwa miaka mingi huvimba hadi likaziba. Dawa za jamii ya gentamisini zinaweza kuua seli za kupokea sauti, na mbwa wa kuwinda huumizwa na milio ya bunduki inayolia karibu naye. Mbwa aliyezibwa na nta au uvimbe anaweza kurudishiwa sehemu ya usikivu wake. Yule ambaye seli zake zimekufa harudishiwi, na hakuna dawa ya kunywa wala ya matone itakayombadilisha. Daktari wa mifugo huitambua tofauti hiyo kwa kuchungulia ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa, na uchunguzi huo unafaa kutangulia mengine yote.

Uziwi wa uzeeni hujificha sana. Mbwa hana namna ya kusema kwamba hasikii, naye huziba pengo kwa macho na pua. Akimwona mwenzake anakimbilia getini, naye anakimbia. Akihisi hatua za mtu sakafuni, anainua kichwa. Kwa miezi mingi watu wa nyumbani husema tu kwamba amekuwa mvivu au amekuwa jeuri. Kwa mbwa wa ulinzi, dalili inayoonekana mwisho ndiyo inayomponza: geti limefunguliwa, gari limeingia, mgeni amevuka ua mzima, naye bado amelala. Wapo wanaomkumbushia methali kwamba sikio la kufa halisikii dawa, kisha fimbo hufuata. Kumpiga kiumbe ambaye hakusikia alichoamriwa ni uonevu, na matokeo yake ni mabaya kwa pande zote. Hawezi kujua kosa lake ni lipi. Anachojifunza ni kwamba mikono ya watu hutokea ghafla na huumiza. Siku moja mtoto anamgusa akiwa usingizini, anageuka na meno yametangulia, na kuanzia hapo jina lake ni mbwa mkali.

Hivyo ndivyo baadhi yao wanavyofika kwenye vituo vya kuokolea wanyama. Wengine hufika kwa sababu zisizowahusu hata kidogo: mwenye mbwa amefariki, familia imehamia nyumba ya kupanga ambako mwenye nyumba hataki wanyama, au mfanyakazi wa kigeni mkataba wake umekwisha na anarudi kwao. Vituo vya aina hiyo si vipya duniani. Kile cha London kinachojulikana kwa jina la Battersea kilianzishwa na Mary Tealby mwaka 1860 katika mtaa wa Holloway, kikahamia Battersea mwaka 1871. Afrika Mashariki nayo ina vyake: KSPCA jijini Nairobi, eneo la Karen, USPCA jijini Kampala, na Mbwa wa Africa mkoani Arusha. Utaratibu hutofautiana, lakini kwa kawaida anayetaka mbwa huulizwa maswali kuhusu nyumba yake na uzio wake, na mbwa hutolewa akiwa amechanjwa na kufungwa kizazi.

Siku za wageni, ubaguzi unaompata mbwa kiziwi huonekana kwa macho. Watu husimama mbele ya wavu, wakapiga makofi, wakapiga mbinja, wakaita. Wadogo huja mbio na kusukumana. Yule mwenye mvi puani amelala nyuma kabisa, mgongo umegeukia wavu, wala hajui kwamba kuna mtu. Mgeni akiona hivyo huhitimisha kwamba huyu hapendi watu au ni mgonjwa, anapita. Wahudumu wanaojua kazi yao humpitisha mgeni ndani, wakamwambia achuchumae mahali anapoweza kuonekana na kungoja. Mara nyingi mbwa hufungua macho, akanusa hewa, akanyanyuka kwa taratibu zake na kuja mwenyewe.

Mbwa wa umri huo ana mambo ambayo mtoto wa mbwa hana. Ukubwa wake unajulikana, na tabia yake imeshatulia. Wengi wao wamekwisha kuzoea kujisaidia nje, hawatafuni viatu tena, nao hulala sehemu kubwa ya siku. Jingine hufurahisha kulishuhudia: fataki za mwaka mpya na radi za masika, zinazowafanya mbwa wengi watetemeke chini ya vitanda au waruke ukuta na kupotea, hazimsumbui asiyesikia. Hugeuka upande wa pili na kuendelea na usingizi.

Hata hivyo, familia nyingi za Afrika Mashariki hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, na hapo panahitaji ukweli. Mbwa kiziwi hawezi kutegemewa kutoa taarifa ya mtu anayepanda ukuta usiku. Pua yake ingali kali na mtetemo wa ardhi anauhisi, lakini upepo ukivuma kutoka upande wake kwenda kwa mwizi hatapata habari. Anayehitaji mlinzi amtafute mlinzi. Mbwa mzee kiziwi apokelewe kwa ajili ya uenzi. Katika miji ya pwani na visiwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa huhesabiwa najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo mbwa haingii sebuleni. Hilo halizuii huruma, maana mafundisho hayohayo yana habari ya mtu aliyesamehewa na Mungu kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ila mbwa kiziwi anayeishi uani peke yake, mbali na watu, hunyimwa kile anachokitegemea zaidi, yaani kuwaona watu wake. Nyumba isiyoweza kumweka karibu, hata kama ni barazani tu, ingefaa imwachie nyumba nyingine nafasi hiyo.

Jambo la kupima kama mbwa hasikii si gumu kwa kiwango cha nyumbani. Mtu husimama nyuma yake, mahali asipoonekana na harufu yake isipoletwa na upepo, akatikisa funguo au akagonga sufuria iliyo mkononi, bila kukanyaga kwa kishindo. Mbwa anayesikia hugeuza masikio hata kama mwili haukusogea. Kasoro ya njia hii ni kwamba haimtambui mwenye sikio moja zima, na mbwa mwerevu hujifunza upesi kwamba mtu akipotea nyuma yake kuna jambo. Kipimo cha uhakika kinaitwa BAER: sindano ndogo huchomekwa chini ya ngozi ya kichwa, sauti hupigwa katika sikio moja, na mashine huandika kama ubongo umepokea. Vifaa vyake haviko katika kliniki za kawaida. Kwa mbwa mzee anayekwenda kuishi na familia, jibu la funguo na sufuria linatosha.

Uchunguzi mwingine ndio wenye uzito zaidi, kwani kwa mbwa wa umri huo uziwi mara nyingi ndilo tatizo dogo kuliko yote aliyo nayo. Mbwa wa maumbile makubwa huanza kuzeeka akiwa na miaka sita au saba. Mdogo huweza kufika tisa au kumi kabla hajaonyesha. Daktari huangalia meno, kwa kuwa jino lililooza huumiza kila anapokula na husambaza vijidudu mwilini. Husikiliza moyo, hupapasa viungo vya nyonga na magoti, hupima damu kuona hali ya figo na ini, na katika nchi zetu hutafuta homa ya kupe, ambayo inaweza kukaa mwilini muda mrefu ikimdhoofisha mnyama kimyakimya. Macho yakionekana na ukungu wa samawati, mara nyingi ni lenzi iliyokomaa kwa uzee na mbwa bado anaona. Mtoto wa jicho huwa mweupe zaidi, naye huzuia kuona. Kwa mnyama anayetegemea macho kuongea na watu, tofauti ya hayo mawili ni kubwa.

Kabla hajaletwa nyumbani, uzio hukaguliwa kwa mguu, hatua kwa hatua. Mbwa anayesikia akitoka nje huitwa akarudi. Asiyesikia akishatoka hakuna wa kumwita, na barabarani hasikii honi. Kwa hiyo geti hufungwa na nje hatembei bila kamba, hata akiwa mpole namna gani, hata kiwanja kikiwa kitupu. Shingoni huvalishwa mkanda wenye kibati kilichoandikwa namba ya simu na neno KIZIWI, ili atakayemwokota asidhani ni mkaidi.

Hatari kubwa kuliko barabara iko ndani ya ua, nayo ni gari la nyumbani. Mbwa wazee hupenda kulala chini ya gari, kwenye kivuli wakati wa jua na kwenye joto la injini jioni. Mbwa mwingine akisikia mlango ukifungwa na injini ikiwashwa hutoka mwenyewe, na dereva amezoea hivyo. Kiziwi huamshwa na mtetemo wakati gurudumu limekwisha kuanza kuzunguka, na viungo vyake vikavu havimpi kasi. Nyumba yenye mbwa wa aina hii hujiwekea sheria moja isiyovunjwa na mtu, wala na mgeni: hakuna gari linalowashwa kabla mbwa hajaonekana kwa macho na kushikwa mkanda. Wengine hutundika kamba yake kwenye ndoano moja na funguo za gari, hivyo mkono unaochukua funguo hukutana na kamba kwanza.

Namna ya kumwamsha ndilo somo la kwanza la watu wa nyumbani. Mbwa anayesikia huamshwa na mambo mengi kabla ya kuguswa: mlango, viatu, pumzi. Kiziwi hutolewa usingizini mara moja, na katika nusu sekunde ile ya kwanza hajui aliyemgusa ni rafiki au adui. Anayemwendea hupita upande wa kichwani, akapiga mguu sakafuni kidogo akiwa bado hatua mbili au tatu kutoka kwake. Kwenye saruji mtetemo haufiki vizuri kama kwenye mbao, hivyo mara nyingi harufu ndiyo hufanya kazi: kiganja huwekwa karibu na pua bila kuigusa. Pua huanza kucheza kabla macho hayajafunguka, masharubu yanatikisika, kisha jicho moja linafunguka na kuutafuta mkono. Hapo ndipo hupewa kipande kidogo cha nyama. Baadaye huongezwa mguso mwepesi begani, kila mara mahali palepale, na kila mara ukifuatwa na chakula. Zoezi hilo likirudiwa mara kadhaa kwa siku, kwa wiki chache, mbwa aliyekuwa akishtuka na kubweka huanza kuamka akitikisa mkia. Mguso umepata maana mpya. Watoto wadogo, hata hivyo, hawaruhusiwi kumwamsha hata akishazoea, na mahali anapolala huwekwa pembezoni, mgongo ukiwa ukutani, ambapo hakuna anayemrukia apitapo.

Katika kufundisha, wengi hukata tamaa mapema kwa kuamini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mbwa si samaki wa methali. Alizaliwa katika ukoo ambao kwa maelfu ya miaka umekuwa ukisoma miili ya watu. Mwaka 2002 Brian Hare na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio ambayo chakula kilifichwa na mtu akaonyesha kilipo kwa mkono au kwa macho: mbwa waliwapita sokwe na mbwamwitu katika kuelewa ishara hizo. Mwaka 2016 watafiti wa Italia waliwapa mbwa waliofundishwa amri mbili zinazopingana kwa wakati mmoja, neno likisema hili na mkono ukisema lile. Mara nyingi mbwa walifuata mkono. Ina maana kwamba mbwa wengi wanaodhaniwa kutii maneno wamekuwa wakitazama mikono siku zote, na yule aliyepoteza masikio akiwa na miaka tisa huenda tayari anajua nusu ya ishara ambazo mwenye nyumba mpya anafikiria kumfundisha.

Ishara ya kwanza ni ile isemayo «vizuri». Wengi hutumia kidole gumba kilichoinuliwa. Kidole huinuliwa na chakula hutolewa papo hapo, mara kumi hivi, bila kumtaka mbwa afanye chochote. Akianza kung'aa macho kila akiona kidole, amekwisha elewa, na sasa kidole kinaweza kutumika kumwambia ni tendo gani limependeza. Somo la pili halihitaji ishara mpya: kila mbwa anapogeuka mwenyewe na kumtazama mtu usoni, kidole huinuliwa na zawadi hutolewa. Mazoezi ya kuitwa, kuketi na kusimama yote yamejengwa juu ya tabia hiyo ya kutazama. Mbwa asiyetazama haambiwi kitu.

Baada ya hapo ishara huchaguliwa na nyumba yenyewe, mradi wote watumie zilezile. Mkono unaopanda kutoka puani kwenda juu humfanya aketi, kwa sababu kichwa kinachofuata mkono huyashusha makalio. Kiganja kilichonyooshwa mbele ni «simama hapo». Mikono iliyofunguliwa wazi kama ya anayempokea mgeni ni «njoo». Viganja vitupu vinavyoonyeshwa pande zote mbili ni «yamekwisha», ishara inayosaidia sana wakati wa chakula. Ni vyema ishara ziwe kubwa na zitumie mkono mzima. Macho ya mbwa ni hodari kwa kitu kinachosogea, ila hayaoni vitu vidogo kwa usafi kama ya mtu, na rangi nyekundu na kijani huchanganyika kwao. Mkono mweusi mbele ya shati jeusi, jioni, hausemi kitu.

Kuongea naye hakupaswi kukoma. Mtu anayesema maneno ya upendo hulegeza mabega, hutabasamu, huinamisha kichwa, na hayo yote mbwa huyasoma. Anayetoa ishara kimya huku uso umekuwa kama jiwe humwacha mnyama akibahatisha kama amekasirikiwa. Uso wa hasira nao unatosha kumwonya. Hakuna haja ya zaidi.

Usiku taa ya ukutani kuwashwa na kuzimwa mara mbili humwita kutoka uani, na tochi inayomulikwa ardhini mbele yake hufanya kazi hiyo hiyo. Ile taa nyembamba ya leza isitumiwe, maana mbwa wengine hushikwa na wazimu wa kufukuza vivuli na nuru, na si rahisi kuuponya. Zipo kola zinazotetema kwa kubonyeza kifaa cha mkononi. Zikitumika kwa maana moja tu, «nitazame», na kila mtetemo ukifuatwa na chakula, ni msaada mzuri kwa mbwa anayezurura shamba kubwa. Zile zinazopiga shoti ya umeme hazina nafasi kwa mbwa mzee asiyeelewa maumivu yametoka wapi.

Ndani ya nyumba, kiziwi huwa kivuli cha mtu anayempenda. Humfuata jikoni na bafuni, akalala juu ya mguu wake au kuziba mlango kwa mwili, kwa kuwa hivyo atahisi mtu akiondoka. Akiamka na kukuta chumba kitupu huzunguka nyumba nzima akitafuta, na wengine hulia kwa sauti kubwa ajabu, kwa kuwa hawajisikii. Dawa ya hofu hiyo ni adabu ndogo ya kuaga: kabla ya kutoka, mtu humgusa begani, akamwonyesha ishara ya kuondoka, ndipo akafungua mlango. Akiwapo mbwa mwingine mtulivu, mzigo hupungua. Kiziwi huyatazama masikio ya mwenzake, na yakisimama naye hutazama huko yanakoelekea. Ila wasipewe chakula bakuli zikiwa karibu, sababu asiyesikia ngurumo ya onyo hukosa nafasi ya kujiondoa kabla ya ugomvi.

Afya yake hutaka jicho la mara kwa mara, walau kumwona daktari mara mbili kwa mwaka. Chakula cha kawaida cha mbwa wa kwetu, ugali na mabaki ya mezani, humnenepesha mzee bila kumpa nguvu. Ugali laini wenye dagaa au nyama ya kutosha, usio na chumvi wala vitunguu, humfaa zaidi, na meno yakiwa mabovu hupondwa vizuri. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Kosa linaloua mbwa wazee wengi wenye maumivu ya viungo hufanywa kwa nia njema: mtu anaona mnyama anachechemea, anampa diklofenaki, ibuprofeni au paracetamoli aliyonunua dukani kwa ajili yake mwenyewe. Dawa hizo huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo au ini lake hata kwa kipimo kinachoonekana kidogo. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari ndiye hupanga kiasi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hairukwi kwa kisingizio cha uzee. Ugonjwa huo huua watu takriban 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na nchi za Afrika Mashariki zimo katika mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Siku ya kimataifa ya ugonjwa huu ni tarehe 28 Septemba, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na katika maeneo mengi chanjo hutolewa kwa kampeni siku hizo. Kwa mbwa anayeweza kushtuka na kuuma, cheti cha chanjo humlinda hata yeye mwenyewe, maana mbwa asiye na cheti akimuuma mtu huuawa upesi. Aliyeumwa, hata na mbwa aliyechanjwa, huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kadiri umri unavyosonga, mlango mwingine wa fahamu unaweza kufungwa. Macho yakianza kudhoofika, ishara za mikono huhamishiwa kwenye ngozi: mguso mmoja juu ya makalio ni «keti», mguso chini ya kidevu ni «njoo nami», kupangusa ubavu ni «vizuri». Wanaoona mbali huanza kuzifundisha mapema, wakizitoa pamoja na zile za mikono wakati mbwa bado anaona. Samani hazihamishwi. Zulia dogo au kipande cha mkeka huwekwa mbele ya ngazi ili unyayo ujue kwamba hatua inashuka. Akianza kusimama kwenye kona asijue kutoka, kuzunguka usiku na kulala mchana, au kumsahau mtu anayemlisha, huo si uziwi tena bali ni kuchoka kwa ubongo, na daktari ana namna za kumpunguzia usumbufu.

Anayepokea mbwa wa miaka kumi anapokea miaka michache, na pengine ni miezi tu. Familia nyingi huandika kwenye kalenda ya ukutani siku alizokula vizuri na siku alizokataa, siku alizonyanyuka mwenyewe na zile alizobebwa, ili uamuzi wa mwisho usitegemee hofu wala matumaini ya siku moja. Siku mbaya zikiwa nyingi kuliko nzuri, daktari huitwa nyumbani ikiwezekana, maana safari ya gari humtia wasiwasi bure mnyama asiyeweza kusikia sauti ya kumtuliza. Sindano ya kwanza ni ya usingizi, ya pili ndiyo ya kusimamisha moyo. Mtu aliyemzoea hukaa upande wa kichwa, anapoonekana, mkono ukiwa palepale begani alipozoeshwa kuguswa. Kaburi huchimbwa kwa kina, walau mita moja, mbali na kisima, na mbwa wengine wa nyumbani huachwa wamnuse kabla halijafukiwa.